Dawa Mpya za Saratani ya Mirija ya Nyongo: Soko Linaelekea Wapi, na Mlaji Afanye Nini

Mara kwa mara kampuni za utafiti wa biashara hutoa taarifa kwamba soko la dawa za saratani ya mirija ya nyongo linapanuka duniani. Taarifa hizo huandikwa kwa ajili ya wawekezaji, na humweleza mwenye mtaji kiasi cha fedha kinachotarajiwa kuzunguka katika biashara hiyo. Hazimwelezi mkazi wa Majengo, mjini Moshi, ambaye mama yake ametoka hospitali na majibu ya vipimo mkononi, kama dawa inayotajwa inamfaa mama huyo, kama inapatikana nchini kihalali, wala kama ni busara kwa ukoo kuuza kihamba ili kuinunua.

Makala haya yanazifafanua habari za soko hilo kwa faida ya mlaji. Jambo la msingi ni hili: kukua kwa soko hakumaanishi kupatikana kwa tiba. Kati ya dawa iliyoidhinishwa ng'ambo na mgonjwa aliyeko Moshi kuna milango mitatu. Wa kwanza ni kipimo kinachoonesha kuwa dawa inamfaa mgonjwa huyo. Wa pili ni usajili unaoruhusu dawa hiyo kuuzwa na kutumika nchini. Wa tatu ni mlipaji anayeweza kugharimia tiba yote, si chupa ya kwanza tu. Mlango mmoja ukiwa umefungwa, fedha iliyotumika katika ile mingine haitamfaa mgonjwa.

UGONJWA WENYEWE

Nyongo hutengenezwa na ini, hupita katika mirija membamba, huhifadhiwa kwa muda katika mfuko wa nyongo, kisha humiminika katika utumbo mwembamba ili kusaidia usagaji wa mafuta. Saratani yaweza kuanzia katika mirija iliyo ndani ya ini, mahali mirija mikubwa inapoungana, au chini karibu na utumbo. Mahali ilipoanzia ni jambo muhimu, kwa kuwa huamua kama upasuaji unawezekana na dawa ipi ifikiriwe.

Katika sehemu nyingi za dunia ugonjwa huu ni adimu. Eneo linalojulikana kwa kuathirika zaidi ni kaskazini-mashariki mwa Thailand, ambako minyoo ya ini huingia mwilini kwa kula samaki wabichi wa maji baridi. Kwingineko, hatari huongezeka kwa watu wenye uvimbe sugu wa mirija ya nyongo, mawe ndani ya mirija, homa ya ini aina ya B au C, au ini lililojaa makovu. Hata hivyo, wagonjwa wengi hawaoneshi chanzo chochote kilicho dhahiri.

Dalili zake ni macho na ngozi kuwa na rangi ya manjano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, kinyesi kupauka, mwili kuwasha, maumivu chini ya mbavu za kulia na kupungua uzito. Dalili hizi huletwa pia na maradhi mengine, yakiwamo homa ya ini na mawe ya nyongo. Malaria kali nayo yaweza kuleta umanjano. Basi umanjano wa macho si hukumu ya saratani, lakini pia si jambo la kungojea lipite lenyewe.

Upasuaji wa kuondoa uvimbe wote ndiyo njia kuu yenye matumaini ya kuponya, nao huwafaa wale wanaogunduliwa mapema. Kwa sababu hiyo, fedha ya kwanza inayotolewa na familia ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Kipimo cha ultrasaundi kinachofanywa mapema mara umanjano unapoonekana chaweza kumsaidia mgonjwa kuliko dawa ya bei kubwa inayonunuliwa mwaka unaofuata.

DAWA ZILIZOPO: ZA ZAMANI NA MPYA

Majina ya dawa yameandikwa hapa kama yanavyoonekana kwenye pakiti, ili msomaji aweze kuyalinganisha.

Msingi wa tiba kwa mgonjwa ambaye uvimbe wake hauwezi kuondolewa kwa upasuaji ni dawa mbili za tibakemia zinazotolewa pamoja kwa njia ya mshipa: gemcitabine na cisplatin. Utafiti uliofanyika Uingereza kwa wagonjwa 410 na kuchapishwa mwaka 2010 ulionesha kwamba waliopewa dawa zote mbili waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 11.7, ikilinganishwa na miezi 8.1 kwa waliopewa gemcitabine peke yake. Wastani wa kati maana yake ni kwamba nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya muda huo na nusu chini yake; si muda ambao daktari anamkadiria mgonjwa fulani. Kwa wale waliofanyiwa upasuaji, vidonge vya capecitabine hutumika ili kupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi. Dawa hizi tatu zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hutengenezwa na viwanda vingi.

Kundi la pili ni dawa zinazoiamsha kinga ya mwili ili iishambulie saratani. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha durvalumab itumike pamoja na gemcitabine na cisplatin. Mwaka 2023 iliidhinisha pembrolizumab kwa matumizi kama hayo. Katika utafiti wa durvalumab, uliohusisha wagonjwa 685, wastani wa kati wa kuishi uliongezeka kutoka miezi 11.5 hadi 12.8. Nyongeza hiyo ni ndogo, lakini kuna upande mwingine: baada ya miaka miwili, takriban robo ya waliopewa dawa hiyo walikadiriwa kuwa hai, na kwa waliokosa ilikuwa mtu mmoja kati ya kumi. Kwa hiyo wachache hufaidika sana, na wengi hufaidika kidogo. Muuzaji atakayekutajia habari ya wale wachache tu hajakueleza ukweli wote.

Kundi la tatu ni dawa zinazolenga kasoro maalumu katika vinasaba vya uvimbe. Pemigatinib iliidhinishwa Marekani mwaka 2020, ivosidenib mwaka 2021, futibatinib mwaka 2022 na zanidatamab mwaka 2024. Kila moja hufanya kazi kwa mgonjwa ambaye uvimbe wake una kasoro ile inayolengwa. Kasoro zinazolengwa na pemigatinib na ivosidenib huonekana hasa katika saratani iliyoanzia ndani ya ini, na hata huko kila moja hupatikana kwa takriban mgonjwa mmoja tu kati ya saba au kumi. Hata kwa wenye kasoro inayolengwa na pemigatinib, uvimbe ulipungua kwa kiasi cha kuridhisha kwa kadiri ya theluthi moja tu. Kununua dawa ya namna hii kabla ya kipimo cha vinasaba ni kununua ufunguo kabla ya kuijua kufuli.

KWA NINI SOKO LINAKUA ILHALI DAWA HAZITUFIKII

Soko la dawa hupimwa kwa fedha, halipimwi kwa idadi ya wagonjwa waliotibiwa. Dawa moja ikiuzwa kwa zaidi ya dola 10,000 kwa mwezi, kama ilivyo kwa baadhi ya dawa zilizotajwa zinapouzwa Marekani, wagonjwa wachache wanatosha kulifanya soko lionekane kubwa.

Kuna sababu za kampuni kuyaelekea maradhi adimu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1983 huzipa kampuni nafuu, pamoja na miaka saba ya kuuza bila mshindani, zinapotengeneza dawa ya ugonjwa unaowapata watu wasiozidi 200,000 nchini humo. Juu ya hayo, hataza humpa mgunduzi haki ya kipekee kwa miaka mingi. Gemcitabine ilikuwa ghali ilipoingia sokoni katika miaka ya 1990. Hataza yake ilipokwisha, viwanda vingine vikaanza kuitengeneza na bei ikashuka. Dawa mpya hazijafika huko.

Mlaji atambue pia kwamba habari njema za soko zaweza kugeuka. Dawa iitwayo infigratinib iliidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa masharti kwamba utafiti wa kuthibitisha manufaa yake uendelee. Ikawa vigumu kupata wagonjwa wa kutosha kwa utafiti huo, kampuni ikaona hakuna maana ya kibiashara kuendelea, na idhini ikaondolewa. Makala za kuisifu bado zinasomeka mtandaoni, na asiyejua yaliyofuata atadhani dawa hiyo ingali sokoni.

MWELEKEO WA MIAKA IJAYO

Mambo manne yanafaa kufuatiliwa na mlaji wa Tanzania.

Kwanza, kumalizika kwa hataza. Hataza kuu ya pembrolizumab nchini Marekani inatarajiwa kwisha mwaka 2028, na viwanda kadhaa tayari vinaandaa dawa zinazolingana nayo. Ushindani huo unatarajiwa kupunguza bei, ingawa dawa za aina hii ni ngumu kutengeneza na bei yake haishuki kwa kasi ya vidonge vya kawaida. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilipanua nafasi ya pembrolizumab katika orodha ya dawa muhimu kwa baadhi ya saratani, kama ya shingo ya kizazi, lakini saratani ya mirija ya nyongo haikuwamo.

Pili, nafasi ya nchi zinazoendelea. Chini ya makubaliano ya Shirika la Biashara Duniani, nchi zenye maendeleo duni zaidi, Tanzania ikiwamo, hazilazimiki kulinda hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Bangladesh ilitumia nafasi kama hiyo kujenga viwanda vikubwa vya dawa. Lakini ruhusa ya sheria haitengenezi dawa: nchi inayoagiza sehemu kubwa ya dawa zake hunufaika pale tu mtengenezaji wa nje anapoomba usajili na mnunuzi anapokuwapo.

Tatu, ununuzi wa pamoja. Mwaka 2018 Bohari ya Dawa ya Tanzania iliteuliwa kuratibu ununuzi wa pamoja wa dawa kwa nchi za SADC. Ununuzi wa namna hii hufaa hasa kwa dawa za maradhi adimu, kwa kuwa nchi moja peke yake huhitaji kiasi kidogo mno kuweza kudai punguzo.

Nne, bima. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kwa mgonjwa wa saratani, swali litakaloamua manufaa ya sheria hiyo ni dawa zipi na vipimo vipi vitaingizwa katika kitita cha huduma.

Kwa kufupisha, katika miaka michache ijayo mgonjwa wa Moshi ana matumaini ya karibu zaidi katika ugunduzi wa mapema, upasuaji, kuzibuliwa kwa mirija na tibakemia ya msingi, kuliko katika dawa inayotangazwa ng'ambo mwezi huu.

KABLA YA KUUZA KIHAMBA

Katika Uchagani kihamba si shamba la biashara tu. Ndipo penye migomba, kahawa na makaburi ya wazee. Kikiuzwa kwa haraka huuzwa kwa bei ya shida, na hakirudi. Kikao cha ukoo kabla hakijafikia uamuzi huo, au kabla ya kukopa VICOBA na kuitisha michango, daktari anayemtibu mgonjwa aulizwe maswali yafuatayo, na majibu yaandikwe:

1. Je, saratani imethibitishwa kwa kuchunguza kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe, au ni dhana inayotokana na picha peke yake?

2. Je, upasuaji unawezekana? Kama hauwezekani hapa, je, kuna daktari bingwa mwingine anayepaswa kutoa maoni?

3. Lengo la dawa ni nini: kuponya, kurefusha maisha, au kupunguza mateso? Kila lengo ni halali, lakini familia ina haki ya kujua ni lipi linalolipiwa.

4. Kama dawa ni ya kulenga kasoro ya vinasaba, je, kipimo kimefanyika na majibu yanasemaje?

5. Tiba ni mizunguko mingapi, na gharama ya yote ni kiasi gani? Gemcitabine na cisplatin, kwa mfano, kwa kawaida hutolewa siku ya kwanza na ya nane ya kila wiki tatu, hadi mizunguko minane. Ongeza gharama ya vipimo vya damu, dripu, dawa za kuzuia kutapika, nauli na malazi. Bei ya chupa moja haioneshi gharama ya tiba.

6. Ni dalili gani zitakazotuonesha kuwa dawa haifanyi kazi, na ni lini tutaacha?

7. Tusipoitumia dawa hii, ni huduma gani nyingine iliyopo?

Swali la saba halipaswi kuonewa haya. Mrija ulioziba waweza kuwekewa kijirija cha kupitisha nyongo, mgonjwa akapata nafuu ya kuwashwa na umanjano. Uliza pia kijirija kitakachowekwa ni cha plastiki au cha chuma: cha plastiki ni nafuu, lakini mara nyingi huhitaji kubadilishwa baada ya miezi michache. Maumivu makali hutulizwa kwa mofini ya kunywa, ambayo ni dawa ya bei ndogo. Huduma shufaa si kumtelekeza mgonjwa. Ni tiba yenye lengo lake.

Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Dalali anayeharakisha mauzo wakati mgonjwa amelazwa haihurumii familia.

NJIA SAHIHI YA KUPATA TIBA NA NAFUU YA GHARAMA

Mkazi wa Majengo aanzie kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi, na kutoka hapo apewe rufaa kwenda KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo ina kituo cha kutibu saratani. Inapobidi, mgonjwa huelekezwa Taasisi ya Saratani Ocean Road au Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Barua ya rufaa ihifadhiwe, kwa kuwa bima huihitaji.

Mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya aulize kabla ya tiba kuanza kama dawa iliyoandikwa imo katika orodha inayolipiwa, kama inahitaji kibali maalumu, na kama kuna kiasi atakachoongeza mwenyewe. Asiye na bima wala uwezo aende kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Sera ya uchangiaji wa huduma za afya inaitambua saratani miongoni mwa maradhi sugu yanayostahili msamaha katika vituo vya umma. Uamuzi hutegemea vielelezo, hivyo barua ya serikali ya mtaa iandaliwe mapema.

KUITAMBUA DAWA HALALI

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba bidhaa moja ya tiba kati ya kumi katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni duni au bandia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Lancet Global Health, uliopima dawa za saratani zilizokusanywa Kenya, Ethiopia, Malawi na Cameroon, uligundua kwamba takriban moja kati ya sita haikufikia kiwango. Macho peke yake hayatoshi kuitambua dawa mbaya, lakini tahadhari zifuatazo hupunguza hatari:

• Dawa ya saratani ya kuchoma kwenye mshipa ipatikane kupitia famasi ya hospitali inayotoa tiba, si kwa mtu binafsi.

• Hakikisha kwamba imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA. Dawa inayovushwa kwa mkono kupitia Holili au Tarakea, hata kama inauzwa kihalali Kenya, haipati uhalali wa Tanzania kwa sababu tu imevuka mpaka.

• Linganisha jina, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye boksi na kwenye chupa. Visipolingana, usiipokee.

• Durvalumab na pembrolizumab huhitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi tangu kiwandani hadi kwa mgonjwa. Chupa iliyosafiri ndani ya begi la basi haiaminiki tena, hata kama ilitoka kiwanda halisi.

• Dai risiti inayotaja jina la dawa, idadi na bei. Bila risiti, malalamiko yako hayatakuwa na nguvu.

Wapo pia wanaouza mchanganyiko wa mitishamba kwa ahadi ya kuyeyusha uvimbe. Sheria ya mwaka 2002 inawataka watoa tiba asili wasajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mgonjwa mwenye ini lililoelemewa asinywe chochote bila kumweleza daktari wake. Watu wa Kaskazini wanakumbuka mwaka 2011, maelfu walipomiminika kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kilichotozwa shilingi 500. Bei ya kikombe ilikuwa ndogo. Gharama kubwa ilikuwa nauli, siku za foleni barabarani na, kwa baadhi, tiba ya hospitali iliyoachwa njiani.

UKIDANGANYWA

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora, manufaa au bei ya bidhaa. Tangazo linalosema dawa "inaponya saratani zote" bila uthibitisho linaweza kulalamikiwa kwa Tume ya Ushindani. Dawa inayoshukiwa kuwa bandia, au iliyoleta madhara yasiyotarajiwa, itolewe taarifa TMDA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Usiitupe dawa hiyo. Ihifadhi pamoja na boksi lake na risiti, na andika tarehe, mahali na namna ulivyoipata.

Ndugu mlaji, matumaini ni haki ya kila mgonjwa, na hakuna anayepaswa kuyanunua kwa gharama ya kihamba. Dawa mpya zikisifiwa, uliza habari za milango mitatu: kipimo, usajili na mlipaji. Na macho ya mtu wa nyumbani mwako yakigeuka manjano, usingoje habari za soko. Mpeleke akapimwe.